Masazo ya Shayiri: Umbo la Kitabu cha Ruthu Likisomwa Kitui na Makueni

Makanisani Ukambani, ikifika zamu ya kuhubiri juu ya wahitaji, Biblia ni kama hujifungua yenyewe kwenye Luka 10, kwa Msamaria Mwema. Haishangazi. Hadithi ni fupi, ina barabara ya hatari, ina wanyang'anyi, ina wakubwa wa dini wanaopita upande wa pili. Msikilizaji wa Mwingi au wa Wote hahitaji ramani ili aielewe. Lakini lipo jambo la fani ambalo wahubiri hulipita upesi: aliyepigwa hasemi kitu. Hana jina, hana kwao, hana swali wala shukrani. Anavuliwa, anapigwa, anaachwa. Kisha anafungwa majeraha, anapandishwa mnyama, anapelekwa, analipiwa dinari mbili. Vitenzi vyote vinamwangukia, na kikitolewa kile cha kusafiri mwanzoni, hakuna kinachotoka kwake. Hadithi inakwisha bila kutuambia kama alipona.

Yesu alikuwa na sababu. Mwanasheria alimwuliza jirani yake ni nani, na jibu likalazimika kumtazama anayetenda. Kosa ni letu sisi tuliolifanya umbo hilo kuwa kalibu pekee ya huruma: mwenye mnyama na pesa ndiye mhusika mkuu, mwenye jeraha ni sehemu ya mandhari. Tumeliona mara nyingi kwenye foleni ya mwolyo, chakula cha msaada: magunia yenye nembo ya mfadhili, orodha mkononi mwa chifu, hotuba ya mwanasiasa, picha, na mama mmoja aliyeinama ambaye kazi yake yote katika kisa hicho ni kupokea.

Kwa hiyo nataka kusoma kitabu kingine. Ruthu kina sura 4 na aya 85, na zaidi ya nusu ya aya hizo ni mazungumzo. Wanaume wa nyumba inayosimuliwa wanakufa ndani ya aya 5 za kwanza, na baada ya hapo, hadi mwisho wa sura ya 3, karibu kila mpango unabuniwa na mmoja wa wajane wawili. Sijui kitabu kingine cha Biblia kinachowaachia watu wasio na kitu nafasi kubwa hivi ya kupanga, kubembeleza, kulalamika na hata kutia chumvi.

Kisa kinafunguka kwa njaa Bethlehemu, familia ikahamia Moabu. Njaa hiyo haina jina. Hapa msomaji wa Kitui husita kidogo, maana kwao yua, yaani ukame na njaa yake, hubatizwa. Kulikuwa na Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19, iliyoingia kila mahali. Kulikuwa na Nikw'a Ngwete ya miaka ya 1980, watu walipokufa njaa wakiwa wameshika pesa kwa sababu chakula cha kununua hakikuwapo. Majina haya ni ushahidi wa walionusurika. Msimulizi wa Ruthu hana haja na majina. Njaa kwake ni mlango wa kuwatoa watu kwao. Lakini mwendo wenyewe Wakamba wanaujua. Kuthuua, kutoka kwenda kutafuta chakula kwa majirani, kuliwafikisha wahenga wao kwa Wakikuyu, kwa Waembu na hadi Pwani, na wengine hawakurudi. Baadhi ya makazi ya Wakamba upande wa Rabai na Mariakani yana chanzo chake huko, katika karne ya 19. Elimeleki, baba wa familia ile, naye alithuua, akafia ugenini. Wanawe wakaoa Wamoabi, ikapita miaka kama kumi, wakafa. Kasi hiyo ni ya makusudi. Miaka kumi inapita katika sentensi moja, halafu kuagana kwa wanawake watatu njiani kunachukua zaidi ya aya kumi, kwa machozi, kwa hoja, kwa kukataa na kukataa tena.

Ndipo linakuja lile tamko la Ruthu la kwenda atakakokwenda mwenzake na kufa atakapofia. Siku hizi husomwa sana arusini, bwana akimtazama bibi. Kitabuni linasemwa na mjane kwa mama mkwe wake, Naomi, barabarani, wote wawili bila mume, bila mtoto. Emsii akilikumbusha hilo, nadhani vigelegele vingepungua.

Na malipo ya tamko hilo ni nini? Wanafika Bethlehemu, wanawake wa mji wanauliza kama huyu kweli ni Naomi. Naomi anawajibu wasimwite tena hivyo, wamwite Mara, kwa uchungu wake, kwani aliondoka akiwa amejaa na Mungu amemrudisha mtupu. Mtupu? Ruthu amesimama hapo hapo kando yake. Naomi hamtambulishi. Ruthu hajitetei. Anayemtetea ni msimulizi, tena bila kelele: aya inayofuata inarudia tu kwamba Naomi alirudi pamoja na Ruthu Mmoabi, mkwe wake, na kwamba walifika mavuno ya shayiri yakianza. Hakuna neno la kumkosoa Naomi. Uchungu wake unaachwa useme hadi mwisho, kisha ukweli unawekwa pembeni mwake usomeke. Ndivyo mwandishi anavyoweza kumhurumia mtu aliyeumia bila kukubali kila anachosema, na wahubiri wanaowaharakisha wafiwa kushukuru wangejifunza kitu kutokana na mpangilio wa aya hizo mbili.

Sura ya 2 ni ya shambani. Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi kwenye pembe, au kurudi kuokota kilichoanguka. Masazo hayo yalikuwa ya maskini na mgeni, ya yatima na mjane. Ruthu anaingia kwa sifa tatu kati ya hizo nne. Ila tazama sheria inampa nini: ruhusa ya kuingia shambani na kuinama. Ni yeye anayemwambia Naomi kuwa anakwenda. Ni yeye anayemwomba msimamizi. Boazi, mwenye shamba, anapofika na kuuliza binti yule ni wa nani, msimamizi anataja kabila kwanza, Mmoabi, kisha anaeleza alivyofanya kazi tangu asubuhi. Boazi hazungumzi naye kupitia msimamizi, anamgeukia mwenyewe. Anamwambia akae na wajakazi wake, na kwamba amewaonya vijana wasimguse. Onyo hilo fupi linafichua yote yanayoweza kumpata mwanamke mgeni katika shamba la watu. Ruthu anainama, halafu anauliza: kwa nini unijali mimi, na mimi ni mgeni? Swali hilo, la mhitaji kumhoji mfadhili sababu ya wema wake, halina nafasi kwenye foleni ya mwolyo.

Mchana anaketishwa kando ya wavunaji, anakula, anashiba, anasaza. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wanaijua meza ya namna hiyo: iko Makindu, Makueni, kwenye hekalu la Masingasinga, ambako dereva wa lori na mtalii hula bure bila kuulizwa dini. Wakristo wa kaunti hiyo wana la kufikiri, ikiwa mfano ulio wazi zaidi wa aya hiyo barabarani kwao umeandaliwa na watu wa imani nyingine.

Kisha linakuja jambo la fani ninalolipenda kuliko yote katika sura hii. Ruthu anapoinuka kurudi kazini, ndipo Boazi anapowaambia vijana wachomoe masuke kutoka kwenye miganda na kuyaangusha makusudi. Msomaji anaisikia amri hiyo, Ruthu haisikii. Msimulizi ametugawia sisi siri na kumwachia yeye heshima. Jioni anapura alichookota, kinafika efa moja ya shayiri, takriban lita 22, yaani debe na ziada. Mtu aliyewahi kupura mtama kwa fimbo huko Kyuso au Kibwezi anajua debe moja la nafaka ni kazi ya namna gani kwa mikono miwili. Msaada umo ndani ya debe hilo, na jasho limo, na hakuna anayeweza kuvitenganisha.

Kila sura kati ya hizi mbili za katikati inafungwa kwa namna moja: Ruthu anarudi nyumbani na kumsimulia Naomi. Tukio linatokea, kisha linasimuliwa. Mhakiki mvivu ataliita jambo hili takriri na kuendelea. Lakini ukilinganisha tukio na taarifa yake, havilingani. Shambani Boazi alisema akae karibu na wajakazi. Ruthu anamwambia Naomi kuwa ameambiwa aandamane na vijana, na Naomi anamrekebisha papo hapo: na wajakazi, mwanangu, usije ukadhuriwa kwingine. Basi hata masikio ya Ruthu yanasikia kwa namna yake.

Tofauti ya pili ina uzito zaidi. Usiku wa sura ya 3, kwenye uwanja wa kupuria ambako Naomi amemtuma, Boazi anamtwika Ruthu vipimo sita vya shayiri. Msimulizi anaeleza kipimo, anaeleza shuka iliyobebea, na hamtaji Boazi akitoa sababu yoyote. Asubuhi Ruthu anamwambia Naomi kuwa Boazi alisema asirudi kwa mama mkwe wake mikono mitupu. Alisema lini? Hatukumsikia. Huenda msimulizi aliyaacha maneno hayo ili yatoke baadaye. Mimi nasoma vingine: Ruthu ameyatunga. Ni yeye aliyesimama kimya pale Bethlehemu akimsikia Naomi akisema amerudi mtupu. Sasa anamletea shayiri na, pamoja nayo, anamletea jibu la lalamiko lile, akiliweka kinywani mwa mwanamume tajiri ili Naomi alipokee bila aibu. Hilo ndilo tendo la huruma lililo la ndani kuliko yote kitabuni, na aliyelitenda ni maskini, mgeni na mjane. Lina umbo la taarifa ya mwenye kutumwa, kwa hiyo ni rahisi kulipita.

Ukambani nako kuna kisa chake cha mhitaji anayesimulia mwenyewe. Ludwig Krapf, mmisionari wa shirika la CMS aliyekaa Rabai, alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba, mwaka 1849, akarudi huko mwaka 1851. Safari ya pili Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, na Krapf akabaki peke yake porini, akijaza maji ya mto katika mtutu wa bunduki na mfuko wa darubini ili asife kiu. Baadaye ndugu wa Kivoi walimlaumu kwa kifo hicho, akatoroka usiku. Wengi hukisoma kisa hicho kama ushujaa wa mleta Injili. Mimi nakisoma kama simulizi la mgeni ambaye uhai wake ulitegemea wenyeji, waliompa maji na chakula na waliomnyima. Historia ya kanisa Ukambani inapoanza hapo, inaanza na Mkristo aliye katika nafasi ya kupokea, ila yeye alikuwa na kalamu.

Turudi uwanja wa kupuria. Shambani Boazi alikuwa amemwombea Ruthu alipwe na Mungu ambaye amekuja kukimbilia chini ya mbawa zake. Maombi mazuri, ya mtu mwenye imani, na hayamgharimu kitu. Usiku Ruthu anamwambia Boazi atandaze vazi lake juu yake, kwa kuwa yeye ni jamaa mwenye haki ya kukomboa. Picha ya kufunikwa ni ile ile. Aliyeombwa kufunika amebadilika. Maombi yamerudishwa kwa mwombaji kama kazi ya kufanya. Ikumbukwe pia kwamba msimulizi anamtaja Mungu akitenda mara mbili tu katika kitabu kizima: anapowapa watu wake chakula mwanzoni na anapompa Ruthu mimba mwishoni. Kati ya hapo jina la Mungu liko vinywani mwa watu, katika salamu, dua na manung'uniko, na mambo yanasogea pale mtu anapomwambia mwenzake: wewe. Wanaotuaga kwa "tutakuombea" wana sababu ya kukiogopa kitabu hiki.

Ningependa kusema umbo hilo linadumu hadi mwisho. Halidumu. Sura ya 4 inahamia langoni mwa mji, kwenye wazee kumi na masuala ya ardhi, na wajane wote wawili wananyamaza. Ruthu alisema mara ya mwisho katika ile taarifa ya mikono mitupu. Naomi naye, aliyepanga kila kitu, hana sentensi tena. Shamba lake linajadiliwa bila yeye kuwapo, Ruthu anatajwa kama sehemu ya mapatano, kiatu kinavuliwa, wazee wanashuhudia. Zipo haki ndogo ndogo ambazo msimulizi bado anazigawa. Yule jamaa wa karibu zaidi aliyekataa kumchukua Ruthu kwa kuogopa kuharibu urithi wake ananyimwa jina, adhabu kali katika kitabu kinachojali majina hivi. Na lakabu ya Mmoabi, iliyoambatana na jina la Ruthu mara 5 tangu sura ya 1, inatamkwa mara ya mwisho na Boazi mbele ya wazee. Wazee wanajibu kwa kumweka karibu na Raheli na Lea, na kuanzia hapo yeye ni Ruthu tu. Uraia umepatikana. Ila ameupata akiwa hayupo.

Hapa kitabu kinafanana mno na maisha. Mwaka 1992 Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti na daktari kutoka Marekani, pamoja na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto, walianzisha makao ya Nyumbani jijini Nairobi kwa watoto yatima wenye virusi vya ukimwi. Shule za umma zilipowakataa watoto hao, Nyumbani iliishtaki serikali, na Januari 2004 milango ikafunguliwa. Langoni, mbele ya sheria, watu wazima waliwasemea watoto, kama Boazi. Sioni jinsi ingekuwa vingine. Lakini D'Agostino hakuishia langoni. Kabla ya kufa mwaka 2006 alikuwa ameanzisha kitu kingine huko Kitui, karibu na Kwa Vonza, kwenye ekari kama 1,000 zilizotolewa na baraza la Kitui la wakati huo: kijiji cha Nyumbani. Ukimwi ulikuwa umewachukua wazazi na kuacha ncha mbili za ukoo, wazee na watoto. Kijiji kiliziunganisha. Kila nyumba ina mzee, mara nyingi susu, nyanya, na watoto kama kumi. Wengine ni wajukuu wake wa damu, wengine si wake. Kwenye mashamba imepandwa mikau, mti wa ukame ambao mbao zake huchukua miaka mingi kuwa pesa.

Msomaji wa Ruthu analitambua umbo hilo mara moja. Mtoto anapozaliwa, Naomi anampakata kifuani na kuwa mlezi wake, na wanawake jirani wanatangaza kuwa Naomi amepata mwana. Kwa damu hakuna kitu hapo. Mama ni Mmoabi, baba ni jamaa ya marehemu mumewe. Naomi hana tone ndani ya mtoto huyo. Ukoo umetangazwa na majirani na ukawa. Ni wao pia wanaompa mtoto jina, Obedi, bila msimulizi kutuambia kama Boazi aliulizwa. Tangazo la namna hiyo ndilo linalomfanya mzee wa Kwa Vonza kuitwa susu na mtoto ambaye hakumjua miaka michache nyuma. Tofauti yao ni kwamba Naomi alipewa mtoto mmoja, naye mzee wa Kitui amepewa kumi, katika umri ambao alitarajia kutunzwa.

Na Wakamba wana tangazo jingine, la zamani kuliko kanisa. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza, na bado wapo wanaofanya hivyo, kulipa mahari na kuoa msichana, iweto, ambaye watoto wake huhesabiwa wa nyumba ya huyo mwanamke na jina la mumewe. Kauli ya wanawake wa Bethlehemu kwamba mwana amezaliwa kwa Naomi haihitaji kufasiriwa kwa mtu aliyekulia karibu na nyumba kama hiyo huko Makueni. Makanisa hayaitambui ndoa ya iweto, na mara nyingi mwanamke aliye ndani yake hukaa nje ya Meza ya Bwana. Sitaki kudai mambo haya mawili ni kitu kimoja. Iweto wengine waliozwa wakiwa wasichana maskini wasio na kauli, na hilo nalo ni jeraha. Nasema tu kwamba mhubiri akisoma sura ya 4 kwa sauti katika ibada ya Ukambani, kuna mtu kwenye benchi la nyuma anayeielewa kuliko yeye, naye hajaombwa kutoa neno.

Baada ya jina la Obedi, kitabu kinafunga kwa orodha ya vizazi kumi, kutoka Peresi hadi Daudi. Wote ni wanaume, na kila mmoja anamzaa mwingine bila msaada wa mwanamke yeyote. Kumbukumbu la Torati lilikuwa limewafungia Wamoabi mlango wa kusanyiko hata kizazi cha kumi, na huenda mwandishi alihesabu akijua hilo, akamweka mfalme mahali ambapo marufuku ilitakiwa kuwa bado inauma. Kama ni hivyo, ni hoja kali iliyofichwa ndani ya tarakimu. Hata hivyo wajane wameachwa nje ya safu waliyoiokoa. Karne nyingi baadaye Mathayo, akiandika ukoo wa Yesu, anavunja mtindo wa orodha na kumrudisha Ruthu kwa jina, pamoja na Tamari, Rahabu na yule aliyekuwa mke wa Uria. Naomi, aliyemlea babu yake Daudi, hatajwi popote nje ya kitabu hiki.